Siagi ya Dada Lhadon

Mimi simwamini mtu anayekuja na chupa ya chai na hana shida yoyote. Nilimwambia hivyo dada yangu Lhadon mwaka juzi, wanaume watatu kutoka nchi kubwa jirani ya kaskazini walipotutembelea malishoni Jakarphu, tunakopandisha yaki, ng'ombe wetu wa manyoya marefu, kila kiangazi. Dada akanicheka. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, basi akawapa donge la siagi. Wakamshukuru, wakampa karatasi yenye muhuri mwekundu, wakamwomba abonyeze dole gumba kwenye nakala yao. Akabonyeza. Yetu akaibandika ukutani nyumbani, eti nzuri.

Mwaka huu, theluji ilipoanza kuyeyuka, akaja Dasho Namgay, ofisa wa serikali kutoka mji mkuu, na ramani kwapani. Ulibaki mwezi mmoja kabla ya mazungumzo ya mpaka baina ya nchi zetu. Niliposikia farasi wake niliibandua karatasi, nikaisokomeza kifuani.

"Lhadon, mmewahi kuwapa chochote watu wa ng'ambo ya mpaka?" akauliza kabla chai haijapoa.

"Hata maji, Dasho," nikadakia mimi.

Akatoa nakala iliyotumwa na wale wa ng'ambo. "Na hili dole la nani? La yaki?"

Akatusomea: kodi ya malisho, imepokelewa. "Wanazo kumi na nne kama hii. Watasema anayepokea kodi ndiye mwenye ardhi."

"Kodi gani? Ilikuwa siagi!" dada akamaka. "Nimnyime mgeni siagi?"

"Sasa mbona kaka yako ananidanganya? Wamewapa nini kingine?"

Nikatoa karatasi yetu, nikiona aibu mpaka masikioni. Hata hivyo tangu hapo alitutazama kama wezi. Akaamuru mtu asipande Jakarphu mpaka mazungumzo yaishe. Hawezi tena kujua nani anampa nani nini, akasema.

"Tusipopanda sisi," dada akauliza, "kule juu atakuwepo nani?"

Dasho akakunja ramani, akaitia kwapani. Hata yeye nikaanza kumshuku: huenda Jakarphu ilikwisha kutolewa kwa wale wa ng'ambo, naye anatafuta tu wa kumlaumu. Nami, kwa uongo wangu, nilikuwa nimempa huyo wa kumlaumu.

Mazungumzo yakaahirishwa, yakaahirishwa tena. Yaki wetu wakakonda bondeni kwa joto. Dada alinilaumu, na alikuwa na haki. Mwezi wa saba nikashindwa kuvumilia, nikapanda peke yangu siku moja na nusu.

Nilipofika kwenye kipito cha mlima niliona moshi wa mahema matatu. Yaki wamejaa, si wetu, ni wa watu wa ng'ambo. Mwanamke mmoja alikuwa akikamua ndani ya zizi la mawe alilojenga baba yetu. Aliponiona akainuka, akajifuta mikono, akatabasamu. Hakuwa na ubaya wowote usoni, nami niliutafuta sana.

"Karibu chai," akasema. "Umetoka mbali, mgeni?"