Mama Maduhu Aliita Mara Mbili

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano, saa nne na robo asubuhi, wanachama kumi na mmoja wa Klabu ya Wapenda Hadithi za Kisayansi Bariadi walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, katika chumba cha kukodi nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, wakibishana kama zombi anakimbia au anatembea. Hiyo ilikuwa ajenda ya tatu. Ajenda ya pili, kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, ilikuwa imeshindikana kwa sababu katibu, Athanasi, ndiye aliyekuwa na daftari, na Athanasi alizikwa Jumatano kijijini kwao Shishiyu. Homa ilimchukua kwa siku mbili tu. Klabu ilipeleka mchele na wajumbe watatu.

Saa nne na nusu Athanasi akaingia na daftari lake. Alikuwa amevaa suti aliyozikwa nayo, magotini ina udongo mweusi wa mbugani. Akaomba radhi kwa kuchelewa na kutafuta kiti.

Hapo ndipo wanachama walipofanya kosa, na ni kosa ambalo mtu asiyejua kitu asingelifanya. Kwa miaka minne walikuwa wameangalia filamu za mazombi mpaka macho yakawauma, na walijua kwa uhakika kwamba ugonjwa wa namna ile huenea kwa kung'atwa. Maduhu, makamu mwenyekiti, akasogeza kiti ili ayaone vizuri meno ya Athanasi. Mjumbe mmoja akafunga mlango, mwingine akashika fagio. Wakamkagua kwa dakika tano. Waliporidhika kwamba hana mpango wa kumng'ata mtu, wakajipanga mstari, wakampa mkono mmoja baada ya mwingine na kumpa pole ya msiba, kwa sababu usipompa mkono mfiwa ataona una neno naye. Athanasi alipokea pole zote za kifo chake mwenyewe. Alisema asanteni, kazi ya Mungu haina makosa, tuendelee na kikao.

Elina, mwenyekiti, alikuwa pembeni akikata chapati za chai, mikono imejaa mafuta. Akampa kifundo cha mkono, kama afanyavyo mtu yeyote ambaye mkono wake si safi, na Athanasi akakishika kwa vidole viwili. Mpaka leo kifundo hicho ni cha baridi, lakini sehemu nyingine zote za Elina ziko hai.

Wengine kumi walikufa kati ya Jumapili na Jumatano. Hawakuugua sana. Maduhu alifia kwao, nje kidogo ya mji, baada ya chakula cha mchana, na majirani walikuwa wameshafunga turubai na kuinjika vyungu vya ugali wa msiba alipoamka, akauliza jembe liko wapi, akaenda shambani. Turubai likarudishwa kanisani. Ugali ukaliwa, maana ulikuwa umeshapikwa.

Usukumani msukule si habari mpya. Kila kijiji kina mtu anayemjua mtu aliyewahi kumwona. Lakini misukule wa zamani walikuwa mali ya mchawi, walifichwa darini, walilishwa pumba na kulima gizani kwa aibu. Hawa wa klabu hawakuwa na mwenyewe. Walilima mchana kweupe katika mashamba ya wazazi wao, walikula chochote walichopewa, na walisalimia.

Hilo la kusalimia ndilo lililoharibu mambo. Kabla ya kufa, wanachama wa klabu walikuwa vijana wa kupita mbele ya wazee na nyaya masikioni. Maduhu hakuwa amemwamkia baba yake vizuri tangu amalize kidato cha nne. Alikuwa akimwambia "freshi, mzee," na kuendelea na simu, na baba yake, mzee Nyanda, alikuwa akikaa na hilo tumboni kutwa nzima. Sasa kila asubuhi Maduhu alisimama mlangoni, akainama, akasema "Mwangaluka, baba," akasubiri ajibiwe, kisha akauliza habari za nyumba, za ng'ombe, za mvua na za mguu unaouma. Nyanda alinenepa. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa, lakini sikio lililokwisha kufa lilisikia kila kitu: lete maji, funga ndama, nenda kwa shangazi yako ukamwombe msamaha. Wazazi kumi na mmoja walikutana kanisani na kukubaliana kwamba Mungu amejibu, ingawa njia zake hazichunguziki.

Aliyekasirika alikuwa Elina peke yake.

Elina na Maduhu walikuwa wakiandika riwaya, mwaka wa nne sasa, kuhusu mfugaji anayehamisha ng'ombe mia mbili kwenda sayari ya Mirihi baada ya malisho ya Simiyu kuisha. Yeye aliandika sura za shufwa, Maduhu za witiri. Ilibaki sura moja, ya ishirini na tatu, ya Maduhu, na Maduhu hakutaka kumwambia mtu itakavyokwisha. Alikuwa amemwambia jambo jingine: kwamba pamba ikishauzwa atatuma wazee kwao Elina. Elina alikuwa amelikubali hilo bila kubisha, na yeye alikuwa mtu wa kubisha.

Wiki ya pili alimfuata shambani akamuuliza, "Maduhu, wale ng'ombe wanafika?"

"Ng'ombe hawajambo, dada," Maduhu akasema, na kuendelea kuchuma pamba.

Elina alirudi mjini analia kwa hasira. Kesho yake akaenda ofisi ya kata. Mtendaji, mama mmoja anayeitwa Jenifer, alimsikiliza vizuri sana huku akigonga mihuri.

"Wamemdhuru mtu?"

"Hapana."

"Wamelalamika wenyewe?"

"Wanalalamikaje, dada? Wamekufa."

"Basi hakuna malalamiko," Jenifer akasema. "Na mimi nikuambie ukweli, mdogo wangu, wiki iliyopita nimeitisha mkutano wa kuchimba msingi wa choo cha shule. Wamekuja kumi na mmoja. Unawajua ni kina nani? Hao hao. Wazima hakuja hata mmoja." Akamwonyesha fomu ya takwimu za wakazi. Ilikuwa na kisanduku cha hai na kisanduku cha marehemu, na kwa kila mmoja wa hao kumi na mmoja alikuwa ameweka tiki vyote viwili. Kompyuta ilikuwa imekubali.

Kwa hiyo Elina akapanda basi kwenda Mwamanyili, kwa mganga anayeitwa Mboje. Mboje alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwenye kibali chake kimebandikwa ukutani na bango la saa za kazi. Alionekana amechoka. Elina hakuwa amemaliza kueleza alipomkatisha.

"Dawa yake haina hata mti wa kuchimba," akasema. "Mzazi asimame mlangoni, amwite mtoto kwa jina lake mara tatu, na awe anamtaka arudi kama alivyokuwa. Basi. Anarudi."

"Mbona rahisi?"

"Dada, nimewaambia watu wengi dawa hiyo. Kusimama mlangoni wanaweza. Kuita wanaweza. Hilo la mwisho ndilo linawashinda." Akamsindikiza mpaka nje, kwa sababu ilikuwa saa saba kasoro na bango lilisema saa saba anafunga.

Elina alizunguka nyumba zote. Baba yake Athanasi, kule Shishiyu, aliita mara tatu kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani, na Athanasi akaitika "naam, baba" mara tatu, akaja na jembe. Mama mmoja aliita huku akicheka. Mwingine alisema angeita lakini kwanza mtoto amalize kujenga zizi. Mzee mmoja alitaka kujua kama mganga anaweza kumrudisha nusu, yaani akili irudi lakini mdomo ubaki huko huko. Wote walimkaribisha Elina chakula, na wote waliwapenda watoto wao, na hilo ndilo lililomkera zaidi, kwa sababu hakupata hata mmoja wa kumchukia.

Nyanda alikataa kabisa. "Nimwite arudi vipi?" akasema. "Mwaka juzi alisimama mbele ya wanaume wenzangu akaniambia dunia haina habari na mimi. Sasa ananiuliza habari za mguu. Binti, wewe ungemwita?"

"Ningemwita, baba."

"Wewe hujamzaa."

Kweli hakuwa amemzaa, wala hakuwa na haki yoyote juu yake ambayo mtu angeitambua. Akabaki na mama, Milembe. Elina akamjia kila siku kwa wiki tatu, akachuma naye pamba bega kwa bega, mstari huu na mstari huu, na hakusema neno kuhusu kuita. Milembe naye hakusema. Maduhu alikuwa mstari wa tatu, mbele yao, anachuma haraka kuliko wote, na mara moja moja Milembe aliinua kichwa kumtazama mgongo.

Jumatatu moja, saa tisa alasiri, Milembe akasimama katikati ya mstari na kujifuta mikono.

"Alikuwa ananisomea," akasema. "Mnavyoandika. Nikiwa napika alikuwa anakaa pale jikoni ananisomea, mimi najifanya sisikii, nasema niache, moshi huu. Lakini nilikuwa nasikia. Ile sehemu ndama anazaliwa huko juu angani, hajui kusimama kwa sababu hakuna chini. Nililia siku ile. Nikasema ni moshi."

"Hiyo niliandika mimi, mayu, mama yangu," Elina akasema.

"Umeandika vizuri. Twende."

Wakaenda mpaka mlangoni. Uani, Nyanda alikuwa ametandika turubai la pamba, anatoa majani makavu na takataka kwa mkono. Maduhu alikuwa anashusha gunia. Milembe akavua kitambaa kichwani, akakifunga kiunoni, akaita.

"Maduhu!"

Gunia likaanguka. Maduhu akatazama viganja vyake, akavigeuza, akaona malengelenge, akashangaa yametoka wapi. Rangi ikamrudi usoni kuanzia masikioni. Nyanda akaacha kuchambua pamba.

"Maduhu!"

Akavuta pumzi, ya kwanza kwa mwezi mmoja na nusu, ikamkereketa, akakohoa. Akamwona Elina.

"Elina! Hawafiki wote," akasema haraka haraka, na sauti ilikuwa yake, ile ya kuwahi kabla mtu hajamkatiza. "Nimefikiri huko. Ng'ombe. Wakifika wote ni uongo. Anafika mmoja, na yule mzee inabidi..." Akaangalia uani, turubai, magunia yaliyopangwa mpaka kwenye paa la jikoni, baba yake aliyepiga magoti. "Yote hii nimevuna mimi?"

Milembe akayatazama magunia.

"Mama, yote hii mmenivunisha nikiwa nimekufa? Na wewe, mzee, umekaa hapo unanitazama! Hukuona kitu? Mtoto wako amekufa, unamtuma maji! Mimi nilishawaambia silimi. Niliwaambia hapa hapa. Mnapenda mtu akiwa maiti, ndivyo mnavyopenda nyie!"

Nyanda alitazama chini, na mkono wake ukaanza kuukanda mguu unaouma. Milembe akamtazama mumewe, akamtazama mwanawe. Mdomo wake ulikuwa wazi tayari.

"Mama, mara moja tu," Elina akasema. "Imebaki mara moja."

Milembe akafunga mdomo.

"Mayu, tafadhali. Mwite."

"Ngoja kwanza apoe," Milembe akasema. "Hawezi kumsemea baba yake hivyo."

"Atapoa akiwa hai! Mwite!"

Maduhu alikuwa ameanza kusema jambo jingine, jambo kuhusu yule mzee wa kwenye riwaya, lakini maneno yalikuwa yanamchelewa. Rangi ilianza kumtoka usoni. Elina akaingia uani, akaita yeye mwenyewe. Aliita Maduhu mara tatu, kisha mara kumi, kisha akaacha kuhesabu, aliita mpaka kuku wakakimbia na mtoto wa jirani akaja kutazama na kuondoka. Maduhu aliinama, akaokota gunia, akalipanga juu ya mengine, akalisawazisha kwa kiganja.

Milembe alikuwa analia. "Nilikuwa namtaka," akasema. "Wallahi nilikuwa namtaka, mwanangu. Niliposikia ile sauti ndipo nikakumbuka alivyokuwa."

Elina akakaa pale pale alipokuwa, akajiinamia, akalia kwa sauti, na hakujali nani anamwona. Alikuwa na hasira na mama huyu, na mzee huyu, na ofisi, na mganga na dawa yake isiyohitaji mti, na alikuwa na hasira na Maduhu, ambaye alishindwa kukaa kimya kwa muda wa kuitwa jina mara moja.

Wakamwacha alie. Baada ya muda mzee Nyanda akaja taratibu, akasimama mbele yake, akakohoa kidogo ili asimshtue.

"Binti," akasema kwa upole, "umekalia pamba."

Elina akasimama.