Abiria wa Upande wa Kushoto

Jumamosi, saa nne asubuhi, mwenye boti alikuwa uani kwake akiiosha boti yake ya mpira kwa sabuni ya kuogea iliyoyeyushwa katika maji ya uvuguvugu. Sabuni ya unga hakuitaka kabisa, maana kitabu cha maelekezo, ukurasa wa kumi na saba, kilisema sabuni kali hula gundi. Kitabu hicho alikuwa amekisoma mara nyingi mpaka majirani wakampa jina la Mzee Kitabu, naye akaliitikia bila kinyongo. Alipomaliza kusugua, alifungua vali tatu za upepo, moja baada ya nyingine, ili aikunje boti na kuiweka stoo. Chumba cha mbele kikashuka. Chumba cha kulia kikashuka. Cha kushoto kikabaki kimejaa, na vali yake i wazi.

Akakikalia. Akakikandamiza kwa magoti. Mwisho akaweka sikio kwenye vali, akasikia pumzi ikitoka na kuingia taratibu, kama ya mtu aliyepitiwa na usingizi mzuri.

"Mama watoto," aliita, "hebu njoo usikilize."

Mkewe akaja na kisu cha kumenyea viazi mkononi, akainama, akasikiliza.

"Huyo anapumua," alisema. "Umeacha mtu humo?"

"Nimeacha mtu. Lakini si humo."

Mkewe alijua anayesemwa ni nani. Akarudi jikoni kwenye viazi vyake.

Boti ile ilikuwa na umri wa miaka kumi na tano, na haikuwa na kiraka hata kimoja. Mashine yake, iliyofungwa kwenye ubao wa nyuma, iliwaka kwa mvuto wa kwanza. Kila safari ilipoisha, Mzee Kitabu aliisafisha kwa maji baridi, kisha akachomoa mpira wa mafuta na kuiacha iendelee kunguruma mpaka iyanywe yote yaliyobaki ndani ya kabureta na kuzimika yenyewe. Baada ya hapo aliiinamisha mbele ili rafadha, mapanga yake ya kusukumia maji, itoke majini, akaipangusa kwa kitambaa.

"Mzee, hiyo ni boti au bibi harusi?" vijana wa gatini walimtania.

"Bibi harusi hupambwa siku moja," aliwajibu. "Hii kila siku."

Ofisi ya bwawa ilimkodi kuwavusha wafanyakazi wake, kwa sababu jengo lao lilikuwa ng'ambo, chini ya kilima kisicho na barabara. Asubuhi aliwapeleka, saa kumi aliwarudisha. Kazi ilikuwa nyepesi, na bwawa siku nyingi lilitulia kama maji ndani ya sinia.

Miezi mitatu kabla ya Jumamosi hiyo, mvua ilinyesha siku nne bila kupumzika. Siku ya nne bwawa likapanda, likaingia ofisini kupitia mlango wa mbele. Mzee Kitabu akawavusha kwanza Meneja na makarani watatu. Walipofika gatini, Meneja akamgeukia.

"Rudi ukachukue mafaili. Bila mafaili hatuna ofisi."

Alirudi. Juu ya paa la nyumba ya pampu, mahali pa juu kuliko pote, alimkuta msafishaji wa ofisi, mwanamke ambaye wote walimwita Dada Usafi. Alikuwa kibarua wa siku kwa siku, mwaka wa tisa. Mafaili yote alikuwa ameyapandisha paani peke yake, akayafunga kwa mapazia ya ofisi ili yasilowe. Akayateremsha kwenye boti furushi moja moja, na Mzee Kitabu akayapokea, akiyapima kwa mkono. Alikuwa ameshika ghala miaka thelathini, na mkono wake ulijua uzito kama ulimi unavyojua chumvi. Kibao kilichobandikwa kwenye ubao wa nyuma kilisema: watu watano, au kilo mia tano. Furushi la mwisho lilipoingia, yeye na mafaili walikuwa kilo mia nne na sabini. Dada Usafi, kwa kumtazama, alikuwa hamsini na tano.

"Kibao kinakataa," alimwambia. "Kwa kilo ishirini na tano."

"Nikivua viatu je?" Dada Usafi akacheka.

"Hata ukivua viatu. Nakuja sasa hivi."

"Haya, mzee wangu. Nakusubiri." Akaifungua kamba mwenyewe, akamrushia.

Alifika gatini, makarani wakapakua mafaili. Macho ya Mzee Kitabu yalikuwa kwenye paa ng'ambo, lakini mikono yake ilikuwa na mazoea ya miaka kumi na tano. Mikono ikachomoa mpira wa mafuta. Mashine ikanguruma, ikanywa mafuta yake mpaka tone la mwisho, ikazimika. Mikono ikaiinamisha, ikatafuta kitambaa. Hapo ndipo alipozinduka. Akairudisha mashine majini, akachomeka mpira, akaminya mafuta yapande, akavuta kamba. Ilimchukua mivuto kumi na mmoja. Alipofika ng'ambo, paa halikuwapo. Palikuwa na maji tu, yametanda, na fagio moja likielea.

Ripoti iliandikwa wiki hiyohiyo. Ilisema kwamba zoezi lilikwenda vizuri na hakuna aliyeachwa. Mzee Kitabu aliwekewa ripoti hiyo mbele yake kama shahidi, akaweka sahihi. Kusoma na kuandika alijifunza akiwa na miaka arobaini, katika darasa la jioni, na sahihi yake ilikuwa nzuri, yenye mkia uliozunguka mara mbili. Siku hiyo ilitoka vizuri kuliko siku zote. Tangu hapo alikuwa hapendi kushika kalamu.

Sasa, Jumamosi hii, viazi vilipokuwa vimeiva, alitoka tena uani na kumkuta Dada Usafi ameketi kwenye boti, upande wa kushoto, katika gauni lake la kazi la bluu. Maji yalimchuruzika viwikoni na kutengeneza kidimbwi miguuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja."

"Ulisema unakuja, nikaona umechelewa."

"Nilikuja. Paa halikuwapo."

"Basi ndiyo maana tukapishana," alisema Dada Usafi, kama mtu aliyepata jibu la jambo dogo lililokuwa likimsumbua.

Mke wa Mzee Kitabu akamkaribisha ndani. Dada Usafi akashusha mguu mmoja chini, na ulipogusa udongo wa ua ukageuka maji, ukamwagika. Akaurudisha ndani ya boti, nao ukarudi kuwa mguu.

"Usijisumbue, mwanangu," mama mwenye nyumba akasema. "Nitakuletea hapohapo." Akamletea chai, viazi na taulo. Taulo lililowa mara moja, akaenda kuleta la pili.

"Unataka nini, mwanangu?" Mzee Kitabu akamuuliza alipomaliza kula.

"Niandikwe tu. Mume wangu kila akienda ofisini, anaambiwa hawana mtu wa hivyo. Anarudi nyumbani hajui ashike lipi. Hata kunililia hanililii vizuri, analia nusu, anabakiza."

"Jumatatu," Mzee Kitabu alisema. "Ile sahihi niliiweka mwenyewe. Nitaitoa mwenyewe."

Jumatatu asubuhi aliisukuma boti kwa kitoroli chake hadi gatini, Dada Usafi ameketi ndani, mikono mapajani. Muuza magazeti akawasalimu wote wawili. Mwanamke aliyekuwa akifagia mbele ya duka akainua fagio lake kidogo, salamu ya mtu wa kazi moja. Gatini walimkuta mumewe, fundi viatu, aliyekuwa ametumiwa ujumbe. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na mkononi alishika ndoo anayolowekea ngozi.

Akaingia botini, akaketi upande wa kulia ili wasawazike.

"Umekula?" akamuuliza mkewe.

"Mama kanipa viazi tangu juzi, mpaka leo nimeshiba. Watoto?"

"Wako kwa dada yako. Mdogo ameng'oka jino, hataki kulitupa. Anakusubiri ulione."

"Hee. La juu au la chini?"

"La chini."

Dada Usafi akatikisa kichwa, akatabasamu. Fundi viatu akatoa leso mfukoni, akampangusa maji ya usoni. Maji mengine yakaja mahali pa yale, naye akapangusa tena, na kazi hiyo ikampeleka mpaka ng'ambo.

Bwawa lilikuwa limetulia. Mawingu yote ya asubuhi yalikuwa chini yao, na boti ilipita juu yake bila kuyachana. Hakuna aliyeharakisha. Mashine ilinguruma kwa sauti ya chini, na chumba cha kushoto kilipumua pamoja nayo, kikipanda na kushuka, hata Mzee Kitabu akajikuta naye anapumua kwa mwendo huo huo. Ilionekana kwamba safari ile ingeweza kwenda siku nzima. Kisha ukuta wa ofisi, uliopakwa rangi mpya, ukawafikia.

Dada Usafi akashuka wa kwanza. Kule alikanyaga ardhi bila shida; kule hakuwa amewahi kuondoka.

Meneja aliwapokea vizuri. Alikuwa mtu mpole, asiyepandisha sauti.

"Aa, Dada Usafi. Za siku nyingi? Umepungua." Kisha akatazama sakafu. "Lakini maji haya, mama, jamani. Vigae vipya."

Dada Usafi akatazama nyuma ya mlango. Deki ilikuwa palepale pa siku zote. Akaichukua, akaanza kupiga deki, na kila alipokausha hatua moja aliacha nyingine imelowa, akaifuata hiyo nayo.

Mzee Kitabu hakumung'unya maneno. "Bwana Meneja, nimekuja kuhusu ripoti. Inasema hakuna aliyeachwa. Huyu aliachwa, na aliyemwacha ni mimi. Naomba aandikwe."

Meneja akaifungua ripoti, akaisoma yote kwa utulivu, akaifunga.

"Mzee, nakuheshimu. Lakini niweke wapi sura yangu? Niandike mtu aliachwa akafa, na mwenyewe huyo hapo anapiga deki?"

"Amekufa," fundi viatu alisema.

"Mtu akifa haji kazini, ndugu yangu." Meneja akamgeukia Dada Usafi. "Wewe umekufa?"

"Ndiyo, bosi."

"Lini?"

"Siku ile ya mafaili."

Karani akaleta daftari la mahudhurio bila kuambiwa. Meneja akapitisha kidole kwenye ukurasa wa siku ile, kutoka juu mpaka chini, kisha akaligeuza wote waone. "Hayumo. Vibarua hawaingizwi humu. Kwa hiyo siku ile hakuwapo, na leo yupo. Mnaona wenyewe. Kama ni kosa, basi limejirekebisha."

"Basi naomba sahihi yangu," Mzee Kitabu alisema.

"Hiyo ni wino, mzee. Haitoki. Na ni sahihi nzuri, wakaguzi waliisifu."

Mzee Kitabu akanyoosha mkono, akachukua kalamu iliyokuwa mbele ya Meneja. Hakuna aliyemzuia. Pembeni mwa jina lake, kwa herufi kubwa za darasa la jioni, akaandika: *Nilimwacha msafishaji juu ya paa nikabeba mafaili. Nilisema narudi.* Aliandika polepole, jasho likimtoka, na alipofika kwenye nukta ya mwisho aliikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Akaweka sahihi tena. Safari hii mkia ulitoka umepinda.

Meneja akasoma, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika na kazi. "Maoni yamepokelewa," alisema. Akaipiga muhuri, akampa karani, na karani akaitia ripoti ndani ya faili, na faili ndani ya kabati, kati ya yale mafurushi ambayo hakuna hata moja lililokuwa limelowa. Kabati likafungwa.

Kwa sababu fundi viatu alikuwa bado amesimama, Meneja alimwandikia barua, asije akaondoka mikono mitupu. Barua ilisema kwamba mkewe yupo, anaonekana kazini, na ataendelea kuja kila siku kama kibarua kuanzia saa moja na nusu. Fundi viatu akaisoma mara mbili.

"Anatoka saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi, kama wenzake."

Akangoja nje, kwenye ngazi, ndoo yake katikati ya magoti. Mzee Kitabu akangoja naye. Kupitia dirishani walimwona Dada Usafi akipita chumba hadi chumba, bluu ndani ya weupe, akiacha nyuma yake njia inayong'aa. Makarani waliinua miguu alipofika kwenye meza zao, wakaishusha alipopita.

Saa kumi wakavuka. Hakuna aliyezungumza habari za ofisini. Dada Usafi alisema mabega yanamuuma kidogo, na mumewe akasema atamkanda, kisha wote wawili wakatazama mawingu ya jioni yaliyopita chini ya boti. Walipofika gatini, Mzee Kitabu alizima mashine, akaifunga boti, akashika kingo ili isiyumbe.

"Mimi hapa sishuki," Dada Usafi alisema.

"Najua. Mama alinieleza." Fundi viatu akaiweka ndoo juu ya mbao za gati, karibu kabisa na boti, akamshika mkewe mkono. Dada Usafi akakusanya gauni lake kidogo, akaingiza mguu wa kwanza ndani ya ndoo, kisha wa pili. Akatulia. Maji yakapanda taratibu mpaka vidole viwili kutoka ukingoni, yakakoma, na leso ya mumewe, aliyokuwa ameishika mkononi, ikabaki ikielea juu yake.

Fundi viatu akaitoa leso, akaikamulia humohumo ndani, lisipotee tone. Barua ya Meneja akaitandika juu ya ndoo, isiingie vumbi. Ndoo ilikuwa nzito kwa mtu mmoja, kwa hiyo Mzee Kitabu akashika mpini upande wa pili, na wakaanza kupanda mtaa pamoja, wakihesabu hatua ili waende sawa.

"Polepole, mzee," fundi viatu alisema. "Asimwagike. Kesho ana kazi saa moja na nusu."