Karatasi Aliyoiona Mama

Fundi picha alirudi nyumbani mchana na bahasha kubwa, kaikumbatia kama mtoto. Ndani mlikuwa na karatasi za aina nne, zote zimechapwa picha moja ya mwanawe, nyeusi na nyeupe. Studio ilimtaka achague karatasi moja ya kufanyia kazi, naye taa ya kazini hakuiamini. Taa ile mwongo mkubwa: kijivu kinachopendeza chini yake, ukikileta dirishani kinageuka kijani kama mkate ulioota ukungu.

Mama yake alikuwa amekaa papo hapo dirishani, mtoto mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Polepole, mume wangu kalala."

"Nimekuja na picha za huyo mumeo. Niambie ipi nzuri."

Akachomoa moja, akampa. Mama akaishika kwa mikono miwili, akaipeleka mbali kidogo, akatabasamu.

"Jamani! Macho ya babu yake haya. Hapa umempatia."

Fundi picha akachungulia. Kwa haraka zake alikuwa ametoa karatasi ya kupimia wino, iliyochanganyika na picha bahashani: miraba ishirini na mmoja, kutoka weupe mpaka weusi, kama ngazi. Hapakuwa na mtoto wala jicho.

"Mama, huoni?"

"Nisione nina nini?"

"Hiyo siyo picha ya mtoto, mama. Ni miraba."

Mama akaishusha karatasi taratibu. Mkono wake ukamtafuta mtoto, ukamfunika tumbo.

"Ningekwambia, ungeninyang'anya," akasema. "Ungesema nitamwangusha."

"Miezi mitano unamwogesha, hajapata hata mkwaruzo! Nani akunyang'anye?" Fundi picha akapiga magoti, akaweka shavu kwenye goti la mama yake. "Ila kwa daktari wa macho tutakwenda wiki hii hii, na usinibishie."

"Haya, bosi."

Ndipo majaribio yakaanza upya, na sasa hakuna kudanganyana. Karatasi ya kung'aa: "Naona dirisha." Ya mng'ao kidogo: "Dirisha, limeingia moshi." Ile ya pamba, fahari ya studio, yenye kijivu laini kinachoyeyuka kama maziwa kwenye chai: "Ukungu mtupu, mwanangu." Ya nne ilikuwa nene, haina mng'ao, ya bei rahisi kuliko zote. Mama akaigeuza geuza. "Hapa kuna kitu. Sikijui, lakini kipo."

Kesho yake studioni, kazi za wateja zilipokwisha, fundi picha alichukua karatasi mpya ya aina ile ya nne. Kwenye picha ya mtoto akakata kila kitu akabakiza uso, akaukuza ukajaa karatasi nzima. Kijivu cha katikati, alichojifunza miaka miwili kukilinda, akakifuta: weusi ukawa weusi, weupe ukawa weupe.

Bosi wake akapita nyuma yake. "Hii picha umeiunguza."

"Ina mteja wake," akajibu. Akasubiri wino ukauke sawasawa, maana weusi mbichi hudanganya, kisha akaipeleka nyumbani.

Mama aliisogeza karatasi mpaka ikakaribia kugusa pua. Akainamisha kichwa upande, akatazama kwa pembe ya jicho. Fundi picha akaanza kukata tamaa.

"Huyu kanuna," mama akasema.

"Eeh?"

"Kanuna! Mdomo kautoa nje, ndita mbili hapa katikati. Kumbe mimi namwimbia nikidhani ananichekea, naye kaninunia hivi!"

Wakacheka mpaka mtoto akaamka, akawanunia wote wawili. Mama akampangusa machozi ya usingizi, kisha akayapangusa na yake.

"Sasa nichapie na picha yako," akasema.

"Mimi?"

"Mwaka wa pili huu nakujua kwa sauti tu."

"Mama, sijalala vizuri tangu nijifungue. Sura yenyewe haitazamiki."

"Lete hiyohiyo."

Fundi picha akavuta kiti mpaka dirishani, akaugeuzia mwanga uso wake wote.