Matumbo Mawili, Choo Kimoja

Mama mkwe wangu hakunipenda kabla hajaugua, na ugonjwa haukumbadilisha. Watu husema mgonjwa hulainika. Wa kwangu alitoka hospitali na ulimi uleule, ila utumbo ndio uliopungua.

Walimkata saratani ya utumbo mpana, kule chini kabisa. Akachomwa mionzi, akatundikiwa dripu, akaishi na mfuko wa kupokelea choo tumboni, halafu wakamuunganisha tena na kumwambia amepona. Amepona kweli. Lakini choo kikimbana hakimpi hata nafasi ya kutafuta kandambili. Ataenda, atarudi, atakaa, na kabla hajaegemeza mgongo ataenda tena. Vidole navyo vilibaki na ganzi ya zile dripu. Yeye ndiye aliyekuwa akishona foronya za makochi ya mwanawe. Sasa hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Huniita mimi nitunge, na nikishatunga huniambia nimeutia mate mengi.

Mwanawe ndiye mume wangu. Ni fundi makochi. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba tunayopanga, na mtaa mzima humwita Sponji, maana hajawahi kuonekana bila chenga za sponji kichwani. Nyuma kuna ua, na uani kuna choo kimoja. Tunakitumia sisi watatu pamoja na kinyozi anayepanga chumba cha pembeni.

Hospitali walisema mtoto wa mgonjwa kama huyu naye apimwe mapema. Mume wangu ni mtoto wa pekee. Alipopewa kichupa cha kutilia choo alikishika kwa vidole viwili.

"Nibebe mavi kwenye begi kama chakula cha mchana?"

Nikakibeba mimi. Majibu yalipotoka, nesi alituambia kuna damu isiyoonekana kwa macho. "Hiyo si kusema una saratani," alimwambia mume wangu. "Ni kusema lazima tuingize kamera kwa nyuma tuangalie utumbo."

Mume wangu alicheka njia nzima. Nilimtazama mikono. Alikuwa ameikunja ngumi ndani ya mifuko ya suruali.

Nyumbani mama yake alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Hawatamgusa. Kamera hiyohiyo ndiyo iliyonimaliza. Niliingia nikitembea vizuri, tazama walivyonirudisha."

"Mama, kamera ilikuta ugonjwa upo tayari," nikasema.

"Haya, daktari! Shule ya msingi siku hizi inatoa madaktari."

Kukaa kimya ndiyo kazi niliyoizoea katika nyumba ile, na mtu akikaa kimya huona mengi.

Hata hivyo, safari ya kwanza sikuona. Mume wangu alitakiwa asile kitu, anywe dawa ya kuharisha mpaka atoke maji matupu. Nikamchanganyia dawa, akanywa, akakimbia, nikaridhika. Kesho yake daktari aliitoa kamera kabla hajafika popote. "Sioni utumbo," alisema. "Naona mbegu za nyanya." Mimi nyumbani sikuwa nimekata nyanya. Nikarudi nikamkuta mama mkwe amekaa kwenye kochi la mteja, anafuta sahani.

"Ndiyo, nilimpa," akasema kabla sijafungua mdomo. "Mkate, mayai na nyanya. Ni mwanangu. Unataka nimwangalie akifa njaa kwa ajili ya kukufurahisha wewe?"

Tulipangiwa siku nyingine. Nesi alinivuta pembeni akanieleza polepole kwamba foleni ni ndefu, na mtu akiharibu mara ya pili anarudishwa mwisho kabisa. "Na kama kuna kitu mle ndani," alisema, "hakitasubiri foleni." Nikaomba paketi mbili za dawa badala ya moja. Akaniuliza ya pili ya nini. Nikamwambia ninamjua niliyeolewa naye.

Siku ya dawa ilipofika nikafunga kabati la chakula na kuutundika ufunguo shingoni. Mama mkwe aliutazama ule ufunguo, akanitazama mimi, akatoka uani. Nikachanganya jagi la kwanza, nikampelekea mume wangu karakanani. Alikuwa anavua kitambaa kwenye kochi kuukuu.

"Kunywa glasi baada ya glasi, usipumzike sana."

"Nimesikia, bosi."

"Na ukisikia tumbo, acha nyundo ukimbie."

"Nimesikia!"

Nilipotoka uani nikamkuta kinyozi amesimama mbele ya choo na kopo la maji, ameegemea ukuta kama anayesubiri wateja.

"Bibi kaingia," akanong'ona. "Kaingia na kigoda."

"Kigoda?"

"Na redio."

Nikagonga. "Mama, bado uko?"

"Nipo. Tumbo linaniuma."

"Leo mwanao anahitaji choo."

"Na mimi nakihitaji. Mimi ndiye niliyekatwa, au umesahau? Mwambie asinywe huo uchafu, basi hatahitaji choo."

Nikaelewa. Kuficha chakula niliweza; choo angekishika yeye, na nani angemtoa? Mgonjwa wa tumbo hatolewi chooni. Hata mwenye nyumba angeona aibu.

"Basi nikuwekee ndoo chumbani, Mama, usiteseke kukaa humo," nikasema. Nilijua nitatukanwa. Tangu atoke hospitali, akiulizwa habari ya ndoo alikuwa akisema ndoo ni ya watu waliokwisha.

"Kaa wewe kwenye ndoo!" akapaza sauti, na redio ikapanda.

Kinyozi akakohoa. "Shemeji, mimi naenda kwa jirani. Vita hii sina silaha."

Nikarudi karakanani nikisema kimoyomoyo kwamba dawa itamaliza ubishi. Dawa ile haina huruma. Akishaanza kukimbia, mama mtu atasikia miguu na kufungua mwenyewe. Jagi lilikuwa limeshuka zaidi ya nusu. Mume wangu anapigilia misumari huku anapiga mluzi.

"Umekunywa yote haya?"

"Si unaona?"

Nikakaa kwenye rundo la foronya nikaanza kutunga sindano za kesho. Nilikuwa namtazama tu. Mtu aliyekunywa kiasi kile hapigi mluzi. Mtu aliyekunywa kiasi kile huacha mluzi katikati, hushika tumbo, husahau mkono wa nyundo hewani. Mume wangu alimaliza upande mmoja wa kochi, akahamia wa pili, wala hakujikuna.

Chini ya meza yake ya kazi huwa kuna lundo la vipande vya sponji anavyovitumia kujazia mito. Siku zote ni vyepesi. Mlango ukifunguliwa kwa nguvu vinaruka. Mlango ulikuwa wazi na upepo unaingia, lakini vile vya juu havikutikisika. Nikainama, nikachukua kipande kimoja, nikakikamua. Maji yakanichuruzika mpaka kwenye kiwiko, na harufu ya ndimu ya ile dawa.

Mluzi ukakatika.

"Fundi," nikasema, "sponji yako inaumwa nini mpaka uinyweshe dawa?"

"Nilimwaga kidogo tu. Choo chenyewe hakuna! Unataka niharishe kwenye kochi la mteja?"

"Nani kakwambia choo hakuna? Mimi sijakwambia."

Nikatoa paketi ya pili kwenye nguo yangu. Alipoiona, uso ukambadilika kama mtu aliyekutwa na mgambo.

"Mwanamke, una roho gani wewe?"

"Njoo."

Nikachanganya jagi la pili mbele yake, nikabeba jagi kwa mkono mmoja na kumvuta yeye kwa mkono mwingine, mpaka uani. Nilitaka mama yake asikie. Nikasimama mbele ya mlango wa choo nikasema kwa sauti ya kawaida, "Mama, toka. Na wewe, kunywa."

"Sitoki!"

"Umesikia," mume wangu akasema. "Mama hatoki. Tuache mpaka siku nyingine."

"Hakuna siku nyingine. Nesi amesema."

"Nesi, nesi! Nesi ndiye atakayelala na mimi na mfuko tumboni?" Akaisukuma glasi, ikanimwagikia. Sauti ilimtoka ambayo sijawahi kuisikia kwake, nyembamba kama ya mtoto. "Wewe hukuona? Miaka yote hii hukuona? Hawezi kwenda harusini, hawezi kupanda gari, anatembea na nguo ya kubadilisha kwenye mfuko wa plastiki kama mtoto mchanga. Usiku namsikia analia. Unataka na mimi niwe hivyo? Bora nife. Naapa, bora nife mzima kuliko kuishi kama huyo aliyemo humo ndani!"

Redio ikazimwa.

Mume wangu akaziba mdomo kwa mkono, lakini maneno yalikuwa yameshaingia chini ya mlango. Sijui kwa nini sikumwonea huruma. Nilimtazama tu, nikasikia komeo linavutwa.

Mama mkwe akatoka. Kigoda kilikuwa kwapani. Yale maneno, karibu hayohayo, yeye mwenyewe alikuwa akiyasema kila wiki, akiwa amekaa kwenye kochi la mteja, akimwambia yeyote anayepita. Bora ningekufa. Nilidhani angemkumbatia mwanawe na kuniambia, unaona sasa?

"Kama nani?" akauliza.

"Mama, sikumaanisha..."

"Kama nani? Sema. Huyo aliyemo humo ndani ni nani?"

"Mama."

"Naenda chooni mara ngapi sijui, narudi, nakula. Naenda tena, narudi, namtukana mkeo. Kitanda changu nakitandika mwenyewe. Jana nimemfukuza mteja aliyekudhulumu, mimi, si wewe. Hayo wewe unaona si maisha?" Akakitupa kigoda. "Nilikuficha usiguswe kwa sababu nilijua ni uchungu. Kumbe wewe hukuogopa uchungu. Wewe unanionea kinyaa."

"Mama, wewe mwenyewe husema..."

"Mimi nasema! Mwili ni wangu, nasema nitakavyo. Wewe nani akupe ruhusa?" Akanigeukia na macho yaleyale ya siku zote. "Na wewe umesimama na jagi kama sanamu. Mimina!"

Nikamimina. Glasi akaishika yeye, kwa mikono miwili, maana vidole vyake havijui kama vimeshika. Akampelekea mdomoni kama anavyonyweshwa ndama.

"Kunywa. Kunywa, mpumbavu wewe. Nyingine."

Akanywa huku anatokwa na machozi. Safari hii hakukuwa na sponji. Hazikupita glasi nyingi akainama, akashika tumbo, akaingia na kubamiza mlango. Na mama yake akasimama palepale na uso ukaanza kumbadilika. Nilikuwa naujua ule uso. Naye tumbo lilikuwa limemjia. Akatazama mlango uliofungwa. Nikajua atagonga, atamtoa, na kila kitu kitaharibika.

"Ndoo iko wapi?" akaniuliza kwa meno yaliyobana.

Nikaikimbilia. Aliichukua mkononi mwangu bila kunitazama, akaingia nayo chumbani, akafunga.

Jioni ile nzima ilikuwa hivyo, mmoja chooni, mmoja chumbani, na mimi katikati na jagi na ndoo. Kinyozi aliporudi akatuangalia, akasema, "Kumbe mmegawana," akaondoka tena. Kila nilipoimwaga ndoo mama mkwe aliniambia nimeisuuza vibaya.

Asubuhi alikuwa amevaa kabla yetu. Hakuwa amepanda gari tangu aruhusiwe. Alikuwa na mfuko wake wa plastiki, na nguo zake za kubadilisha ndani, na ndani ya basi ameushika mbele ya kifua hadharani, anamtazama kila abiria aliyeuangalia mpaka abiria huyo akageuka.

Hospitali walimchukua mume wangu, tukabaki kwenye benchi. Mama mkwe alipoitwa kuingia, na mimi nikainuka, akaniambia, "Wewe unakwenda wapi?" lakini sikukaa, na hakunisukuma.

Mume wangu alikuwa amelala ubavu, dawa ya usingizi inamtoka. Daktari alisema utumbo ulikuwa safi kuliko wa mgonjwa yeyote wa wiki ile. Amekuta vinyama viwili. Kimoja amekitoa chote. Cha pili kimeota vibaya, amechukua kipande kipelekwe maabara. "Sitaki kuwadanganya," alisema. "Hicho sikipendi. Lakini ni kidogo bado. Tukikipasua sasa, nafasi ni nzuri. Mngekuja mwakani ningezungumza mengine."

Daktari alipotoka, mume wangu akafumbua macho. Hakunitafuta mimi. Alimtafuta mama yake.

"Mama. Ule mfuko. Unauma?"

Mama mkwe akavuta kiti kilichokuwepo, kimoja tu, akakikalia.

"Unawasha," akasema. "Kuuma ni mwanzoni tu, ukikaa. Utavuja, utalia, utamchukia huyu mkeo kwa sababu atakuona. Mchukie tu, amezoea. Halafu siku moja utasahau kwamba unao, utagombana na mteja. Sogea nikuonyeshe wanapoweka."

Akapandisha blauzi kidogo. Sikuwahi kuliona lile kovu, miaka yote ninayomfulia. Mume wangu akanyoosha mkono akaligusa.

Nikabaki nimesimama mguuni mwa kitanda. Baada ya muda nikaona mama mkwe anaanza kujikunja kwenye kiti, na uso ukawa ule uso.

"Choo ni mlango wa pili kushoto, Mama," nikamwambia.

"Najua," akasema, akiinuka na mfuko wake. "Unadhani ni wewe peke yako mwenye macho?"