Unga wa Kilimia

Mzee Saburi alikuwa amekasirika kwelikweli, na nyumba nzima pale Gwata ilijua, maana siku ile hakumwita Mboni "mke wangu," kama alivyozoea kumtania mjukuu wake. Alimwita kwa jina.

"Mboni, kuanzia kesho shule basi."

Kosa lenyewe lilikuwa Kilimia. Kila mwaka Saburi ndiye aliyekitazama kikundi kile cha nyota kikichomoza jioni, msimu wa vuli, akawatangazia wenzake kupanda. Leo Mboni karudi na habari za mwalimu kwamba nyota zile ni changa, zilizaliwa pamoja ndani ya wingu la hewa na vumbi.

"Changa! Yaani babu zangu walikuwa wakimsikiliza mtoto mchanga?"

Mwanaamina, mama yake Mboni, aliyasikia hayo akichekecha unga wa muhogo. Yeye hakuwahi kukanyaga darasani, na hilo lilimuuma mpaka leo. Mwanawe atolewe shule kwa ajili ya nyota? Thubutu! Akabeba ungo wake na kikombe cha maji, akapiga magoti mbele ya mkwewe.

"Baba, wingu ndilo hili," akasema, akanyunyizia unga matone ya maji na kuutikisa. Unga ukaanza kushikana, hapa kidonge, pale kidonge, vikubwa kwa vidogo, na kila kilichobiringika kikazidi kunenepa. "Haya Mboni, endelea."

"Vikishikana sana vinapata joto, babu, vinawaka. Ndiyo nyota hizo, ndugu wa tumbo moja. Halafu mwanga wake unalipeperusha wingu lililobaki."

Mwanaamina akapuliza kwa nguvu. Unga ukamrukia mzee ndevuni, vidonge vikabaki vimekusanyika katikati ya ungo. Mwanaamina alijua amevuka mpaka, wala hakujuta.

Saburi akajipangusa taratibu. Magharibi ilikuwa imekwisha ingia, na Kilimia kilikuwa kikichungulia juu ya mihogo.

"Huyo mtoto mchanga ana umri gani?"

"Mwalimu anasema alikuwapo kabla ya mtu yeyote duniani."

Mzee akaguna. Akautazama ungo, akakitazama Kilimia, akarudi kwenye ungo.

"Na ndugu hawa watakaa pamoja mpaka lini?"

Mboni akainamisha kichwa. "Hatujafika huko, babu."

"Hamjafika?" Saburi akamsukumia Mwanaamina ungo wake. "Basi kesho uwahi shule, mke wangu, ukaniulizie."