Bia ya Abasia

Nilimwonya Bruda Thomas tangu siku ya kwanza: huku China, Guangzhou, usimwonyeshe mtu kitu usichotaka akitengeneze. Akacheka. Abasia yetu ya milimani kule Songea ilikuwa imemtuma kununua matangi mapya ya kupikia bia. Mimi, mwanafunzi niliyekuwa nikiwatafsiria wafanyabiashara Waafrika wa mtaa wa Xiaobei, ndiye niliyempeleka kiwandani kwa Bwana Liang.

Matangi yalitakiwa kujaribiwa, basi Bruda akapika. Watawa wale wana desturi yao: aliyewasha moto wa bia ndiye mwenyeji, na mwenyeji hamnyimi mgeni anachoomba. Liang, ndani ya kiwanda chake mwenyewe, akageuka mgeni. Akaomba kuonyeshwa kimea kinavyokaushwa, akaonyeshwa. Akaomba chachu, akamiminiwa. Nilitafsiri yote huku roho ikiniuma.

Kabla matangi hayajasafirishwa, Liang alikuwa na bia yake kwenye chupa, yenye picha ya mtawa anayetabasamu. Mnunuzi alikuwa Geofrey wa Dar, na kontena lake lilikuwa linasubiri bandarini Nansha. Ila Geofrey si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alituita sote kiwandani.

"Bruda, bia ya kwenu naijua, nimeinywa kwenye harusi," alisema. "Na hawa malaoban, mabosi wa viwanda vya feki, nawajua. Onja. Ukisema siyo, sipakii hata katoni."

Nikamnong'oneza Bruda, "Sema siyo. Basi."

Bia ile ndiyo inayoendesha zahanati ya abasia. Mimi nilizaliwa pale, na mama yangu hakuombwa kuleta hata glovu. Ya Liang ikifika sokoni kwa bei ya Kichina, nani atanunua ya watawa?

Bruda akaonja. Akafumba macho, na nikaona kabisa kwamba anaifurahia. Nilimchukia.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Hata sisi miaka mingine hatuipati hivi."

"Bruda, jamani."

"Ulitaka niseme uongo, Imelda?"

Ndiyo, nilitaka. Geofrey alikuwa ameshatoa simu, anamwambia wakala apakie. Liang akaniuliza mtawa amesemaje. Nikamtafsiria, maana ndiyo kazi yangu, naye akampa Bruda mkono kwa mikono miwili.

Wanasema kweli itakuweka huru. Imemweka huru yeye. Wanawake wa kwetu watakwenda kujifungua na glovu zao mkononi.