Uzi wa Sanda Ndani ya Mota

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia kwenye masika, na pampu ya zahanati ya wazazi ikafia shimoni.

Zahanati iko juu, sisi wa mtaa wa Biryogo tuko chini yake. Maji machafu ya wodi hukusanyika katika shimo la saruji, na pampu iliyozamishwa humo huyasukuma hadi kwenye tangi la barabarani. Ikinyamaza, shimo linajaa. Likifurika, njia ni moja tu: bondeni, kwenye chemchemi tunayochota wote. Shabani wangu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kunywa maji kwa kikombe. Katika darasa la jioni la kina mama tulikuwa tumefundishwa kinachoua watoto wa umri wake, kwa hiyo kila wingu lililopanda Mlima Kigali nililitazama kwa jicho baya.

Habiyaremye, msimamizi wa majengo ya zahanati, alituletea pampu kwa toroli.

"Kalisa, mota iko kimya kabisa. Tunachota kwa ndoo. Mvua kubwa ikinyesha kabla hujamaliza, ndugu yangu, mtatuona tunashuka na uchafu huu mpaka kwenu."

Kalisa ni mume wangu. Kazi yake ni kuzungusha upya waya wa shaba ndani ya mota zilizoungua. Sisi tunaiita bobinaji. Majirani walipita wameziba pua, wakimtania.

"Umefunga kweli, Kalisa, au harufu imekushibisha?"

Alicheka, akaiosha pampu kwa sabuni mpaka ikawa safi kuliko sufuria zangu. Kisha akafungua kizibo cha mafuta. Yakatoka meupe.

"Njoo uone, mama Shabani! Chai ya maziwa, mchana wa Ramadhani!"

Mafuta yakiwa meupe, alinieleza, maji yameingia. Sili, ile pete inayokaa kwenye mhimili kuzuia maji, ilikuwa imechoka. Maji yalipita, yakafika kwenye waya, waya ukaungua.

Nampenda Kalisa akiwa kazini. Alihesabu mizunguko ya waya wa zamani kwa midomo, kama mtu avutaye tasbihi, ukimsalimia hakusikii. Waya mpya aliulaza kwa kijiti cha mwanzi, si kwa chuma, usije ukakwaruzika. Ukimwona utadhani anamvika mtoto nguo.

Baada ya hapo, vichwa vya koili, yale mafungu ya waya, hufungwa kwa uzi visitikisike mota inapozunguka. Uzi wake ulikuwa umekwisha. Dada yake Mukantwari, fundi cherehani wa nyumba ya pili, akaleta kibunda chake cha uzi wa thamani.

"Huu nashonea suti za maharusi. Haukatiki hata uvutwe na ng'ombe!"

Kalisa akafunga, fundo kwa fundo, kisha akaifunika mota kwa pipa na kuzungushia makaa, ikauke kabla ya kupakwa vanishi.

Harufu niliisikia mimi kwanza. Tulipoinua pipa, upande wa karibu na moto uzi ulikuwa umejikunja kama nywele zilizoungua, na koili zimelegea. Nailoni! Huku kwetu kwa washonaji, uzi mzuri ni ule unaong'aa. Nani alifikiria moto?

Mukantwari alishika kichwa. "Ayii, kaka, nimekuulia mota!"

"Hujaua kitu. Waya ni mzima. Aliyefunga ni mimi, na macho ninayo." Akakaa chini, akaanza kutoa vipande vilivyoyeyuka, kimoja kimoja. "Nitafutieni wa pamba."

Ilikuwa Jumapili, maduka ya mjini yamefungwa. Tukaenda cherehani kwa cherehani: nailoni, nailoni tu. Mawingu yanazidi. Mukantwari akasimama katikati ya njia.

"Bi Mukandekezi anao."

Bi Mukandekezi ndiye anayeosha maiti za wanawake wa mtaa wetu, na uzi wake wa pamba ni wa kushonea sanda. Utamwombaje huo kwa ajili ya mota ya choo?

Alitusikiliza mpaka mwisho, akachukua uzi wake, lakini hakutukabidhi. Alitufuata nao hadi kwa Kalisa.

"Mwanangu, uzi huu utagusa najisi?"

Mwingine angejibu haraka. Kalisa alifikiri kwanza.

"Mota itakaa ndani ya najisi, bibi. Uzi utakaa ndani ya mota. Kati yao naweka sili mpya na mafuta safi. Sili ikishika, hautaguswa. Ikishindwa, utaguswa. Nitaipima mbele yako kabla haijashuka."

Bibi akamwekea uzi mkononi. "Basi nikifa leo, mnishonee kwa nailoni."

"Itakupendeza, bibi, inang'aa!" akadakia Mukantwari.

"Astaghfirullah! Funga na mdomo pia, wewe."

Kesho yake, vanishi ikiwa imekauka na pampu imeunganishwa, Kalisa alijaza hewa kwenye chumba cha mafuta kwa pampu ya baiskeli, akaizamisha mota nzima katika pipa la maji safi. Bi Mukandekezi aliinama juu ya pipa, kilemba chake karibu kulowa. Hakikutoka kiputo hata kimoja: sili imeshika. Ndipo Kalisa akamwaga maji na kujaza mafuta.

Alasiri tukaikuta zahanati chini ya wingu jeusi, na maji ya shimo yamebakiza kiganja kufika ukingoni. Pampu ikining'inia kwenye mnyororo, Kalisa aliiwasha kufumba na kufumbua, akatazama iliruka upande gani.

"Inazunguka kinyume." Akabadilisha nafasi za nyaya mbili. "Sasa shusha, Habiyaremye. Polepole."

Ikazama. Kimya. Kisha mngurumo mzito chini, bomba likatetemeka, na ukutani mwa shimo ukatokea mstari wa saruji iliyolowa.

"Yanashuka!" alipiga kelele Habiyaremye. "Yanashuka, jamani!"

Mvua ikaangusha matone ya kwanza, kisha ikamwagika yote. Kalisa hakuondoka ukingoni. Alitaka kuona kama pampu itaishinda mvua. Maji yakazidi kushuka. Adhana ya magharibi ikasikika kutoka msikiti wa Nyamirambo, na mikono yake ilikuwa michafu hadi viwikoni. Nikatoa tende niliyoifunga kwenye kanga.

"Sema bismillahi, fungua mdomo."

Alitafuna bila kuniangalia. Mgongoni kwangu Shabani alinyoosha mkono, anataka naye. Bondeni wanawake walikuwa bado wamepanga jerikani zao kwenye chemchemi, wanagombania zamu kama siku zote.

"Nyingine," akasema Kalisa, mdomo wazi, macho shimoni.